Mwongozo Kamili wa Kuukabili Mathenge: Kuutambua, Kuung'oa na Kuirudisha Ardhi

Mfugaji anayeukata mathenge kwa panga usawa wa ardhi wakati wa kiangazi, kisha akarudi palepale baada ya mvua za kwanza, hukuta mahali pa shina moja pamejaa machipukizi yenye miiba mipya, na kichaka kilichokuwa kikipitika kwa kuinama sasa hakipitiki hata na mbwa. Kazi yake haikuharibika kwa uvivu wala kwa uhaba wa watu, bali kwa sababu alikata sehemu ambayo mmea huu hauna hasara kuipoteza, akaiacha ile inayobeba uhai wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafugaji, wakulima na vikundi vya vijiji katika nyanda kame za Kenya, na za kaskazini mwa Tanzania ambako mmea huohuo huitwa mrashia. Msimamo wake ni mmoja: kila hatua ya kuuondoa lazima itokane na tabia fulani ya mmea wenyewe, na hatua isiyotokana na tabia yoyote ni jasho la bure.

Mmea wenyewe na ulikotoka

Kwa jina la kitaalamu mathenge umejulikana muda mrefu kama Prosopis juliflora. Mwaka 2022 wataalamu wa uainishaji waliigawanya jenasi hiyo na kuupa jina la Neltuma juliflora, kwa hiyo msomaji atakayekutana na jina lolote kati ya hayo mawili ajue kwamba ni mti uleule. Ni wa jamii ya mikunde, na kwao ni Mexico, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Nchini Kenya ulipandwa mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, ili ufunike ardhi iliyobaki mawe matupu baada ya malighafi ya saruji kuchimbwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na maeneo mengine makavu, wakati ambapo ukame ulikuwa umepunguza miti, kuni zilikuwa mbali, na upepo ulikuwa ukipeperusha udongo wa juu.

Ni haki kusema kwamba mti huu uliifanya kazi uliyotumwa. Vumbi lilipungua, kuni zikapatikana, na kivuli kikawepo mahali ambapo hapakuwa na kivuli. Tatizo ni kwamba haukuishia pale ulipopandwa. Uliteremka na mikondo ya maji, ukafuata njia za mifugo, ukazifunga nyanda za malisho zinazozunguka Ziwa Baringo, kingo za mto Tana na mabonde ya Turkana. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali mahakamani kwa hasara waliyoipata, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mathenge akawa sehemu ya ushahidi uliozungumzwa nchi nzima. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza rasmi kuwa gugu hatari. Tangu hapo hoja ya iwapo ni mti wa faida au wa hasara imekuwa ikirudiwa mikutanoni bila kwisha. Kwa maoni yangu hoja hiyo inapoteza muda, kwa sababu jibu hutegemea mahali uliposimama: mathenge mmoja kwenye kiwanja cha mawe si jambo sawa na mathenge mmoja kwenye ukingo wa mto.

Kuutambua kabla ya kushika panga

Vikundi vingi vinavyofanya kazi kwa haraka hukata migunga ya asili pamoja na mathenge, na hilo ni hasara mara mbili, kwa kuwa mgunga uliokatwa huacha nafasi ambayo mathenge ndio wa kwanza kuijaza. Kwa hiyo kila mtu atakayeshika chombo afundishwe kwanza kuutambua mmea huu kwa majani, miiba, maua na maganda yake, wala asitegemee alama moja tu.

Vijiti vya mathenge huenda kwa kupindapinda, na kwenye kila kipindo, mahali jani linapotokea, mara nyingi hukaa miiba miwili iliyonyooka, imara, ambayo katika matawi machanga yenye nguvu inaweza kufikia urefu wa sentimita 5. Kikwata, ambao watu huuchanganya nao mara kwa mara, una miiba mifupi iliyopinda kama ndoana na majani yenye vijani vichache vipana, ilhali jani la mathenge limegawanyika katika jozi moja hadi tatu za matawi madogo yenye vijani vingi vyembamba. Ipo miti michache ya mathenge isiyo na miiba kabisa, na hiyo ndiyo sababu mwiba peke yake haumalizi utambuzi.

Maua yake ni ya rangi ya manjano iliyofifia, yamekusanyika kwenye shuke refu, laini, linalofanana na mkia wa mnyama mdogo, tofauti na vishada vya mviringo vya migunga mingi. Ganda lake ndilo shahidi wa uhakika zaidi. Likikomaa huwa la rangi ya majani makavu, limenyooka au kupinda kidogo, na mara nyingi huzidi urefu wa kiganja cha mkono. Ulivunje katikati: utaona nyama ya manjano yenye utamu wa sukari na unata kidogo, na ndani yake vijumba vigumu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na mbegu moja ya rangi ya kahawia inayong'aa. Jaribu kukipasua kijumba kimoja kwa ukucha, hakipasuki. Utamu wa nje na ugumu wa ndani vikikaa pamoja namna hiyo, ndivyo vinavyoeleza jinsi mti huu ulivyoenea.

Kwa wasomaji walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu huko kuna mti wa asili unaoheshimiwa, ghafu, yaani Prosopis cineraria, ambao ni jamaa wa mathenge. Miiba ya ghafu ni midogo na imetawanyika kwenye kijiti kati ya majani, haikai miwiliwili penye jani. Anayeng'oa bila kuangalia jambo hilo atauondoa mti wa nyumbani na kumwachia nafasi mgeni.

Tabia zinazoamua namna ya kufanya kazi

Tabia ya kwanza iko chini ya udongo. Mathenge una mzizi mkuu unaoshuka kuyafuata maji ya chini, na juu yake kuna mizizi ya pembeni inayonyonya mvua ndogo kabla haijaifikia nyasi. Jamaa yake wa karibu katika jimbo la Arizona, Marekani, alikutwa na mzizi uliofika kina cha mita 53. Kwa sababu hiyo mathenge hubaki na majani mabichi katika kiangazi ambacho kila kitu kingine kimekauka, na kwa sababu hiyohiyo hauwezi kuuawa kwa kunyimwa maji wala kwa kusubiri ukame.

Ya pili ni macho yake ya kuchipulia, na hapa ndipo kazi nyingi hushindwa. Ukichimbua kisiki cha mathenge na kukiosha udongo, utaona kwamba pale shina linapokutana na mzizi mkuu pamevimba, na juu ya uvimbe huo kuna vinundu vidogo vilivyotapakaa, vingine vikiwa chini ya uso wa ardhi kabisa. Hivyo vinundu ni macho yaliyolala. Shina likiwa zima, macho hayo hunyamaza. Likikatwa juu yake, yote huamka kwa pamoja, yakilishwa na mzizi ambao haukuguswa. Mzizi wenyewe, chini ya uvimbe huo, kwa kawaida hauna macho ya kuchipua. Mpaka kati ya mti utakaokufa na mti utakaorudi kwa hasira ni huo, na unapita sentimita chache tu ndani ya udongo.

Ya tatu ni mbegu. Mti mmoja uliokomaa hutoa maganda kwa wingi, na kila ganda hubeba mbegu kumi hadi thelathini. Ng'ombe, mbuzi, nyani na nguruwe pori huyafuata kwa utamu wake, huyala, na hutoa mbegu nyingi zikiwa nzima, zimelainika ganda na kufungwa ndani ya samadi yenye unyevu. Mbegu ambayo haikubahatika kuota mwaka huu huweza kukaa udongoni miaka mingi ikisubiri. Kwa hiyo anayeuondoa mti leo hajauondoa uzao wake.

Zaidi ya hayo, mathenge ukishafunga kichaka hutoa kivuli kizito, hunyonya maji yote ya juu, na huacha majani makavu yanayozuia uotaji wa mimea mingine, hata chini yake pakabaki vumbi tupu. Maua yake nayo yana jambo ambalo wengi hawalijui: utamu wake hulisha mbu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Mali na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuondoa matawi yenye maua kulipunguza mbu kwa zaidi ya nusu. Familia iliyozungukwa na mathenge ina sababu ya kuanzia kazi karibu na nyumba, hata kama malisho yanasumbua zaidi.

Maandalizi na usalama

Vifaa vya lazima ni sururu, jembe, mtaimbo, shoka lenye makali, msumeno wa upinde na panga la kusafishia matawi ya pembeni. Mwiba wa mathenge hupenya akala bila shida, na hupenya matairi ya baiskeli na ya pikipiki, kwa hiyo anayefanya kazi hii avae buti lenye soli nene, glavu za ngozi, suruali nzito na, jambo linalopuuzwa kuliko yote, miwani ya kukinga macho, kwa kuwa tawi likivutwa na kuachiwa hurudi kwa kasi usawa wa uso.

Jeraha la mwiba huu huonekana dogo na mara nyingi si dogo. Ncha hukatikia ndani, mahali huvimba, na mwiba ukiwa umeingia karibu na kiungo cha kidole au goti maumivu yanaweza kukaa muda mrefu. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na ncha iliyobaki ndani itolewe na mhudumu wa afya badala ya kuchokolewa kwa kisu. Kabla ya kazi kuanza, kiongozi wa kikundi ahakikishe kila mmoja amechanjwa dhidi ya pepopunda.

Hatua ya kwanza: kuchagua pa kuanzia

Msukumo wa kawaida ni kuanzia penye kichaka kikubwa kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoudhi. Ushauri wangu ni kinyume chake. Zungukeni eneo lote kwanza na kuligawa kwa jicho katika sehemu tatu: mahali ambapo kuna miti michache iliyotawanyika, mahali ambapo miti inakaribiana lakini nyasi bado zipo, na mahali palipofungwa kabisa. Kazi ianzie kwenye miti iliyotawanyika, maana hapo kikundi kidogo kinaweza kuikomboa ardhi kubwa kwa nguvu kidogo, na nyasi zilizobaki zitasaidia. Eneo lililofungwa limekwisha kufungwa na linaweza kusubiri, ilhali mti mmoja ulio peke yake katikati ya malisho unakaribia kuzaa kichaka.

Isipokuwa mahali pawili. Kingo za mito, laga (mikondo ya maji ya msimu) na mifereji ya umwagiliaji zipewe nafasi ya mbele kila mara, kwa kuwa maji hubeba maganda na kuyapeleka kwa watu wa chini, na kazi ianzie juu ya mkondo ikishuka. Vilevile njia za mifugo zinazokwenda kwenye maji zisafishwe mapema, kwa ajili ya mbegu na kwa ajili ya kwato za wanyama.

Hatua ya pili: kuchagua wakati

Miche na miti michanga huondolewa vizuri zaidi siku chache baada ya mvua, wakati udongo umelainika na mzizi unatoka mzima. Miti mikubwa hukatwa wakati wa ukavu, wakati njia zinapitika na kuni zitakauka. Kwa yote mawili kanuni haibadiliki: mti uondolewe kabla maganda yake hayajaanza kudondoka. Ikiwa tayari yamedondoka, yakusanywe kwanza, mti ukatwe baadaye; kuangusha mti wenye maganda makavu na kuuburuta kwenye malisho ni kupanda mbegu kwa mikono yako mwenyewe.

Hatua ya tatu: kung'oa

Mche usiozidi urefu wa goti ushikwe chini kabisa, karibu na udongo, na kuvutwa polepole kwa kunyoosha mgongo, si kwa kuushtua. Ukikatika, usiridhike. Chimba pembeni kwa jembe hadi ulione pande la mzizi lililobaki, ulitoe.

Kwa mti ambao shina lake halijazidi unene wa kifundo cha mkono, safisha kwanza matawi ya chini kwa panga ili upate nafasi ya kusimama. Chimba shimo kulizunguka shina kwa sururu, ukiacha nafasi ya kutosha kupenyeza shoka, hadi ulione lile vimbe la macho na sehemu ya mzizi mkuu iliyo chini yake ambayo gome lake ni laini na halina vinundu. Kata hapo. Katika udongo wa kawaida, kina cha sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi ni kipimo salama, lakini usitegemee kipimo pekee, kwa sababu penye mafuriko udongo hujaa juu ya shina na kulizamisha vimbe chini zaidi. Jicho lako liwe kwenye vinundu, si kwenye rula. Mizizi ya pembeni inayotokea kwenye vimbe ikatwe pia, kisha kisiki kitolewe nje na kugeuzwa mizizi juu ili jua likikaushe. Kisiki kilichoachwa ndani ya shimo na kufukiwa, kikiwa bado na mizizi miwili mitatu ya pembeni, huweza kuchipua.

Mti mkubwa wenye mashina mengi ni kazi ya watu wasiopungua watatu. Mashina yakatwe kwanza kwa urefu wa kiuno cha mtu, si usawa wa ardhi, kwa sababu vipande hivyo vya juu vitatumika kama mpini wa kukitikisa kisiki. Baada ya kuchimba na kukata mizizi ya pembeni, mtu mmoja au wawili wavisukume vipande hivyo huku na huko, na mwingine akiukata mzizi mkuu kadiri unavyoonekana. Pale ambapo kikundi kinaweza kukodi trekta, mnyororo hufungwa kwenye mashina hayohayo. Hata hivyo trekta huvuruga udongo kwa upana, na udongo uliovurugwa huamsha mbegu zilizolala, kwa hiyo litumike tu mahali ambapo nyasi zitapandwa msimu uleule.

Watu wengi huuliza kuhusu moto. Moto huua miche na huunguza matawi ya miti mikubwa, lakini macho yaliyo chini ya udongo hayafikiwi, na mti mkubwa huibuka tena. Katika nyanda ambazo nyasi ndiyo tunu inayotafutwa, sioni sababu ya kuuchoma.

Pale sururu inaposhindwa

Zipo sehemu ambazo haziwezi kuchimbika: penye mwamba, kwenye kuta za mifereji, chini ya uzio. Hapo hutumika dawa ya kuua miti ya mbao, na inayotumika zaidi kwa mathenge ni ile yenye kiambato cha triklopiri, ambayo hupakwa kwa brashi juu ya kisiki mara tu baada ya kukatwa, kabla sehemu iliyokatwa haijakauka, au kwenye gome la chini la mti mchanga. Kiasi cha kuchanganya kifuate maelezo ya kwenye chupa, dawa iwe imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu ya nchi husika, na mpakaji awe amefunzwa. Isipakwe siku ya kutarajia mvua, wala karibu na maji yanayotumiwa na watu na mifugo. Kunyunyiza kichaka kizima kwa bomba la mgongoni ni upotevu wa fedha na hatari kwa migunga na kwa nyuki.

Kupunguza badala ya kumaliza

Jamii nyingine huamua kubakiza sehemu ya mathenge kwa ajili ya kuni, nguzo na asali, na uamuzi huo una mantiki mahali palipo mbali na maji. Ukichukuliwa, ufuatwe kikamilifu. Katika kila kisiki chenye mashina mengi huachwa shina moja tu, lililo nene na lililonyooka, na mengine hukatwa chini. Shina hilo likibaki hai huyanyamazisha macho mengi ya chini, jambo ambalo haliwezekani mashina yote yakiondolewa. Matawi yake hupogolewa hadi juu ya kichwa cha mtu ili mwanga ushuke na nyasi ziote. Kati ya mti na mti ziachwe mita 5 kwa uchache, na 10 ni bora. Machipukizi yanayotokea pembeni mwa shina yakatwe kila msimu yakiwa bado laini. Kijiji kisichoweza kujifunga na kazi hiyo ya kila msimu ni afadhali king'oe tu.

Kuutumia uliokatwa

Mbao ya mathenge ni nzito, huwaka polepole na hutoa makaa yanayopendwa sokoni. Nchini Kenya, kuchoma na kusafirisha makaa kunahitaji vibali, na chama cha wachomaji kilichosajiliwa hurahisisha jambo hilo. Afisa wa misitu wa eneo aonwe kabla ya tanuri kuwashwa, si baada ya gunia kukamatwa njiani. Tahadhari nyingine ni ya kiuchumi: mchoma makaa hupendelea mashina mazuri na hukata usawa wa ardhi kwa sababu anataka yachipue tena. Masilahi yake si masilahi ya mfugaji. Mkataba wa kikundi useme wazi kwamba anayepewa shina anawajibika kung'oa kisiki.

Maganda ni chakula cha mifugo chenye nguvu, lakini kwa masharti. Yakiliwa mazima huharibu meno kwa sukari na unata wake, na yakiwa ndiyo chakula pekee kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa misuli ya taya na ulimi. Wafugaji wa ng'ombe nchini Brazil wanaujua ugonjwa huo kwa jina linalomaanisha uso uliopinda. Suluhisho ni kusaga. Maganda yakusanywe yakiwa manjano, yaanikwe juu ya turubai hadi yavunjike kwa mlio, na yasagwe mchana wa jua kali kwenye mashine ya nyundo, kwa sababu yakiwa na unyevu hata kidogo hugeuka kinamo na kuziba chekecheo. Kisha chukua unga mkononi na uutandaze kwenye kiganja. Ukiona mbegu hata chache zilizobaki nzima, rudisha mashineni, maana unga wa namna hiyo bado ni mbegu ya kupandia. Unga uliosagika sawasawa uchanganywe na nyasi kavu na pumba, usizidi robo ya chakula chote cha siku, na mnyama azoezwe kwa kiasi kidogo kidogo. Wale wa Baringo wanaweza kuwauliza watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, walioko Marigat, ambao wameifanyia kazi mada hii kwa muda mrefu.

Kupanda nyasi, hatua isiyorukwa

Ardhi iliyong'olewa mathenge na kuachwa wazi hurudiwa na mathenge. Mbegu zimejaa udongoni, naitrojeni iliyoachwa na mizizi ya mikunde ipo, mwanga sasa upo. Kinachokosekana ni mshindani. Kwa nyanda za chini zenye joto, nyasi zinazofaa ni za asili ya hukuhuku, kama vile Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. Mbegu mbichi ya Cenchrus iliyovunwa msimu huu kwa kawaida huota vibaya, kwa hiyo nunua au hifadhi iliyokaa ghalani miezi kadhaa.

Udongo uchanwe kwa jembe au plau ya ng'ombe kabla ya mvua, kwa mistari inayokata mteremko ili ishike maji. Mbegu itawanywe kwa kiasi cha kilo 5 kwa hekta na kufunikwa kidogo mno, kwa kuburuta tawi juu yake, kwani ikizama zaidi ya sentimita 2 haitoki. Hapa ndipo matawi ya mathenge yenyewe, yaliyokaguliwa na kuthibitika hayana maganda, yanapopata kazi nzuri kuliko kuchomwa: yakitandazwa juu ya shamba hulinda miche ya nyasi dhidi ya jua, hupunguza kasi ya maji, na miiba yake humfukuza mbuzi bila gharama ya uzio. Mifugo isiingizwe hadi nyasi zitoe mbegu na kuzidondosha mara ya kwanza. Msimu wa kwanza ni bora kukata nyasi na kuzifunga marobota kuliko kulisha papo hapo.

Ufuatiliaji

Baada ya kila msimu wa mvua, watu wawili walitembee eneo lote kwa mistari wakiwa na jembe, na kung'oa kila mche kabla haujafika goti. Kazi ya asubuhi moja kwa wakati huo ingekuwa kazi ya wiki miaka miwili baadaye. Ukaguzi uwe mkali zaidi mahali patatu: penye mashimo ya visiki vya zamani, kwenye laga baada ya mafuriko, na kwenye mazizi yaliyohamwa, ambako samadi ya miaka mingi imehifadhi mbegu kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Samadi ya zizi ambalo wanyama wake wamekula maganda isipelekwe shambani ikiwa mbichi. Irundikwe, ilowanishwe na kugeuzwa hadi ichemke na kuoza sawasawa, na hata hivyo mahali ilipomwagwa pakaguliwe.

Wanyama wanaotoka eneo lenye mathenge, wawe wamenunuliwa sokoni au wameletwa na jamaa wakati wa ukame, wafungiwe zizini kwa muda wa juma moja wakilishwa nyasi zilizokatwa kabla ya kuachiwa kwenye malisho yaliyosafishwa, na kinyesi chao cha siku hizo kikusanywe mahali pamoja. Ratiba ya ukaguzi iandikwe, ikabidhiwe kamati ya malisho ya kijiji, na isifungwe kabla ya miaka kumi, kwa kuwa huo ndio muda ambao mbegu iliyodondoshwa leo inaweza bado kuwa hai udongoni.